Damu ya Tumboni na Dawa Mpya za Sikoseli

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Homa Bay. Leo tutazungumza juu ya ugonjwa wa sikoseli, ambao vitabu huuita selimundu. Hasa tutazungumza juu ya dawa zinazotafitiwa ili kuiamsha tena ile damu ambayo mtoto alitoka nayo tumboni mwa mama yake.

Habari za dawa mpya huenea upesi. Mtu husikia nusu ya habari sokoni au kwenye simu, kisha anampelekea jirani: "Dawa ya kumaliza sikoseli imepatikana." Mzazi mwenye mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa hawezi kusikia maneno hayo akanyamaza. Huuliza maswali mawili. La kwanza: je, nitaipata wapi? La pili: je, sasa naweza kuacha hizi za zamani?

Nitajibu mapema ili usikae na wasiwasi. Dawa hizo bado ziko katika utafiti. Hazijaidhinishwa kutibu sikoseli mahali popote duniani. Na zile anazotumia mtoto wako leo usiziache hata siku moja. Sasa keti nami nikueleze kwa nini, kwa sababu mzazi anayeelewa hadanganywi kwa urahisi.

Sikoseli ni nini, na inatoka wapi?

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kiitwacho hemoglobini. Hemoglobini hukaa ndani ya chembe nyekundu na kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwili mzima. Chembe nyekundu ya kawaida ni laini na ya mviringo, nayo hupita hata kwenye mishipa iliyo myembamba sana. Mtoto mwenye sikoseli ana hemoglobini ya aina nyingine. Ikishatoa hewa yake, inashikamana na kuwa ngumu, na chembe inajipinda kama mundu wa kukatia nyasi. Chembe za namna hiyo hukwama kwenye mishipa, na mtoto hupata maumivu makali. Pia huvunjika mapema, na mtoto huishiwa na damu.

Ugonjwa huu hurithiwa. Mtoto hupokea jeni moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Akipokea jeni ya sikoseli kutoka upande mmoja tu, ni mbebaji. Kwa kawaida hana shida, na anaweza kuishi hadi uzee bila kujua. Akipokea jeni hiyo kutoka pande zote mbili, ndipo anapougua. Wazazi wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba. Huwezi kusema, "Wa kwanza ameshaugua, basi watatu wanaofuata wako salama."

Hapa nataka akina baba wanisikie vizuri. Mama hawezi kumpa mtoto ugonjwa huu akiwa peke yake. Nimeona mama akirudishwa kwao kwa sababu ya mtoto anayeugua kila mara. Nimesikia pia watu wakisema ni chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa nyumbani. Sikoseli si chira, na si kosa la mtu yeyote. Ni jeni mbili zilizokutana.

Na kwa nini huku kwetu ziwa iko kwa wingi? Kuanzia mwaka 1949 daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Aliona kwamba wabebaji wako wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye malaria, na wachache sana nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alieleza sababu: mbebaji hulindwa kiasi dhidi ya malaria kali, kwa hiyo jeni hiyo ikabaki katika vizazi. Lakini tahadhari, mama. Anayelindwa ni mbebaji. Mtoto mwenye sikoseli yenyewe halindwi, na malaria ikimpata inaweza kumwishia damu haraka sana.

Kwa nini mtoto huonekana mzima miezi ya kwanza?

Akina mama wengi huniambia, "Sista, mtoto wangu alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, akanenepa. Alipofika miezi 6 au 7, mikono na miguu ikavimba. Kuna mtu alimwangalia vibaya."

Hakuna aliyemwangalia vibaya. Mtoto akiwa tumboni hatumii hemoglobini ya watu wazima. Anatumia nyingine, ambayo leo tutaiita damu ya tumboni. Kazi yake ni kuvuta hewa kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo. Damu hii haishikamani wala haijipindi, hata kama mtoto amerithi sikoseli. Siku anapozaliwa, zaidi ya nusu ya hemoglobini yake huwa ni hiyo. Kisha mwili huanza kuifunga polepole na kufungua ile ya watu wazima. Damu ya tumboni inapopungua, ugonjwa unajitokeza.

Jambo hili liliandikwa mwaka 1948 na daktari wa watoto aitwaye Janet Watson, huko Brooklyn, New York. Aliona kwamba watoto wachanga waliorithi sikoseli wana chembe chache sana zilizojipinda, akasema huenda damu ya tumboni ndiyo inayowakinga. Baadaye iligunduliwa kwamba wako watu wachache ambao damu yao ya tumboni haifungwi kabisa hata wakiwa wazima. Mtu wa namna hiyo akirithi sikoseli, anaugua kidogo tu.

Hapo ndipo wanasayansi walipojiuliza: je, tunaweza kumfungulia tena mtoto damu hiyo?

Kabla hatujaendelea, shika jambo moja la kukusaidia kliniki. Kile kipimo cha zamani cha kuchanganya damu na dawa ili kuona kama chembe zinajipinda kinaweza kukosa ugonjwa kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa sababu damu ya tumboni inauficha. Kama nyinyi wazazi ni wabebaji, au kuna mtoto mwingine mgonjwa, mwambie mhudumu mapema. Viko vipimo vya kutenganisha aina za hemoglobini vinavyoweza kumtambua mtoto hata siku za kwanza.

Mfano wa ghala na chaki

Sasa tuingie kwenye utafiti wenyewe. Fikiria ghala kubwa la nafaka pale Oyugis. Magunia yamepangwa mpaka juu. Mwenye ghala hawezi kufungua yote kwa siku moja, kwa hiyo hutumia chaki. Gunia lenye alama fulani hufunguliwa leo. Lisilo na alama hiyo hubaki limefungwa, ingawa nafaka imo ndani.

Mwili nao uko hivyo. Kila chembe ina maagizo yote ya mwili, yaani jeni, katika uzi mrefu mwembamba sana. Uzi huo umezungushwa kwenye protini ndogo ziitwazo histoni, kama uzi wa cherehani unavyozungushwa kwenye kibiringo chake. Juu ya histoni hizo mwili huweka alama za kikemikali, na alama hizo ndizo chaki yetu. Baadhi ya alama husema, "Fungua hapa." Nyingine husema, "Funga hapa." Elimu ya alama hizi huitwa epijenetiki. Haibadilishi nafaka iliyo ndani ya gunia. Inahusu tu gunia lipi lifunguliwe na lipi lifungwe.

Ghala lina mfanyakazi wa kuandika kwa chaki, na lina mwingine wa kufuta. Wafutaji hao ni vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini yenye kazi maalumu mwilini, kama kile kilicho kwenye mate, ambacho hufanya ugali ukitafunwa kwa muda uwe na utamu mdomoni. Vimeng'enya vya kufuta alama kwenye histoni huitwa dimethilesi za histoni. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani alama hizo hazifutiki. Mwaka 2004 maabara ya Yang Shi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilimgundua mfutaji wa kwanza. Jina lake ni LSD1.

Mfutaji huyu ana uhusiano gani na mtoto wetu? Miezi baada ya mtoto kuzaliwa, LSD1 ni mmoja wa wanaokuja kwenye gunia la damu ya tumboni na kufuta alama ya "Fungua hapa." Gunia linafungwa. Nafaka bado imo, yaani jeni ya damu ya tumboni bado iko katika mwili wa mtoto wako na hata katika mwili wako wewe mtu mzima. Imefungwa tu.

Basi watafiti wakatafuta kemikali za kuushika mkono wa mfutaji. Kemikali hizo huitwa vizuizi vya dimethilesi. Kizuizi kikimshika mfutaji, alama haifutwi, na gunia linaweza kubaki wazi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kwamba walipomzuia LSD1 katika chembe za damu za binadamu kwenye maabara, damu ya tumboni iliongezeka. Kuanzia mwaka 2015 zikatolewa taarifa za kizuizi kiitwacho RN-1. Kilipewa panya waliotengenezwa wawe na sikoseli, na pia nyani. Damu ya tumboni iliongezeka kwa wote.

Kwa nini basi hatujapewa?

Ni swali la haki, mama. Rudi nami kwenye ghala. Yule mfutaji hafanyi kazi kwenye gunia moja tu. Hupita ghala zima. Ukimfunga mikono kwa ajili ya gunia la damu ya tumboni, umemfunga pia kule kwingine anakohitajika.

Kwenye uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, LSD1 husaidia kutengeneza chembe za kugandisha damu na chembe nyeupe za kupigana na vijidudu. Akizuiwa sana, chembe hizo hupungua. Mtoto mwenye sikoseli tayari hushikwa na vijidudu kwa urahisi. Chembe nyeupe zikipungua, atapigana na nini? Na zile za kugandisha damu zikipungua, jeraha dogo au damu ya pua inaweza kukataa kukoma. Nguvu hii ya kupunguza chembe ni kubwa kiasi kwamba kizuizi kimoja cha LSD1, kiitwacho bomedemstat, kimekuwa kikijaribiwa kwa wagonjwa ambao chembe zao za kugandisha damu ni nyingi kupita kiasi. Kwa hao, kupunguza ndiyo tiba. Kwa mtoto wako, inaweza kuwa hatari.

Ndiyo maana watafiti wanatafuta kipimo ambacho kitafungua gunia moja bila kuharibu ghala. Majaribio kwa watu wenye sikoseli yamekuwa machache. Panya kupona si sawa na mtoto kupona, na nyani si mtoto wa Mbita.

Kuna onyo jingine. Mojawapo ya kemikali zilizotumika kwenye utafiti ule wa 2013 ni dawa ya zamani ya watu wazima wenye ugonjwa wa huzuni. Mtu mjanja anaweza kukuambia, "Dawa yenyewe ipo dukani." Usikubali. Dawa hiyo ikichanganywa na vyakula au dawa fulani hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla, hata kuua. Haikuidhinishwa kwa sikoseli, na mtoto hapaswi kupewa.

Pengine umesikia pia juu ya tiba ya kurekebisha jeni. Hiyo ni habari ya kweli. Mwezi Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba iitwayo Casgevy kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Nayo lengo lake ni lilelile, kuifungua damu ya tumboni. Lakini mgonjwa hutolewa chembe za uboho, hupewa dawa kali za kuua uboho uliobaki, kisha hurudishiwa chembe zilizorekebishwa, akiwa hospitalini kwa wiki kadhaa. Bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Hiyo si tiba ya kliniki zetu kwa sasa. Mtu akikuambia anaiuza kwa chupa, huyo ni mwizi.

Dawa ya kufungua damu ya tumboni ambayo tayari ipo

Sasa sikiliza habari njema, mama. Iko dawa inayoongeza damu ya tumboni, tena imeshajaribiwa kwa watoto wa Afrika, wa Kenya wakiwemo. Inaitwa haidroksiyurea. Hii si kizuizi cha yule mfutaji. Ina njia yake nyingine. Lakini matunda yake ndiyo hayo tunayoyatafuta. Nchini Marekani iliidhinishwa kwa watu wazima wenye sikoseli mwaka 1998.

Madaktari wengi waliogopa kuitumia Afrika. Walisema, "Dawa hii inaweza kupunguza chembe nyeupe. Je, watoto wetu hawatamalizwa na malaria?" Hofu hiyo ilipimwa. Huko Kampala watoto 207 walifuatiliwa, nusu wakipewa haidroksiyurea na nusu wakipewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya 2017 yalionyesha kwamba dawa haikuongeza malaria. Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi uitwao REACH, uliofanywa Kilifi hapa Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa nchini Kongo na Luanda nchini Angola. Watoto 606 wa miaka 1 hadi 10 walipewa dawa.

Matokeo yalitolewa mwishoni mwa 2018. Kabla ya dawa, katika kila watoto 100 kwa mwaka mmoja, maumivu makali yalitokea mara 98. Baada ya dawa, mara 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi 14. Malaria ilishuka kutoka mara 47 hadi 23. Na vifo vilishuka kutoka karibu 4 hadi 1.

Tafakari tofauti hiyo, mama. Si habari ya panya. Ni watoto wanaoumwa na mbu kama wetu.

Ukiwa na mtoto mwenye sikoseli, muulize daktari au afisa wa kliniki: "Je, mtoto wangu anafaa kuanzishwa haidroksiyurea?" Akianzishwa, zingatia haya:

Kwanza, apimwe damu kabla ya kuanza na kila tarehe atakayopewa. Kipimo hicho ndicho jicho letu. Chembe zikishuka mno, daktari husimamisha dawa kwa muda kisha huirudisha.

Pili, anywe kila siku, hata akiwa mzima na anacheza mpira. Kuwa mzima ndiyo kazi ya dawa. Faida yake huja baada ya miezi, si baada ya siku 3.

Tatu, usiongeze kipimo ili apone upesi, na usimgawie ndugu yake. Kipimo hupangwa kwa uzito wa kila mtoto.

Nne, mama mjamzito asishike unga wa dawa hii kwa mikono mitupu. Na kijana anayeitumia akifikia umri wa kuzaa, azungumze na mhudumu mapema kuhusu uzazi.

Mambo ya kila siku yanayookoa maisha

Dawa ya kufungua damu ya tumboni ni nguzo moja. Nyumba haisimami kwa nguzo moja.

Penisilini: mtoto mwenye sikoseli anywe mara 2 kila siku mpaka afikishe angalau miaka 5. Utafiti wa Kilifi uliotolewa 2009 ulionyesha kwamba mtoto mwenye sikoseli ana hatari karibu mara 26 zaidi ya kupata vijidudu ndani ya damu kuliko mtoto asiye nayo.

Chanjo: asikose hata moja. Chanjo ya nimonia ni muhimu sana kwake. Hata chanjo ya malaria ilipozinduliwa Kenya, Septemba 2019, ilizinduliwa hapa kwetu, kaunti ya Homa Bay. Angalia kitabu cha mama na mtoto. Kama kuna nafasi tupu, twende tuijaze.

Malaria: alale ndani ya neti yenye dawa kila usiku, hata wakati wa kiangazi, na apewe dawa ya kuzuia malaria aliyoandikiwa. Watoto 246 wenye sikoseli walishiriki utafiti hapa Homa Bay wa kulinganisha njia 3 za kuzuia malaria kwa dawa. Ile ya kila siku na zile 2 za kila mwezi hazikutofautiana sana katika malaria ya kuugua. Kwa hiyo usihangaike kutafuta ya jirani. Mpe uliyoandikiwa, bila kuruka.

Foliki asidi: humsaidia kutengeneza damu mpya. Lakini usimnunulie dawa za madini ya chuma kwa sababu tu ana upungufu wa damu. Uliza kwanza.

Maji, joto na chakula: anywe maji mara kwa mara, asikae na kiu. Asiogelee ziwani kwenye baridi, na mvua ikimnyeshea abadilishwe nguo mara moja. Mpe omena, maharagwe, mayai, osuga na matunda kadiri ya uwezo wako. Mwalimu wake ajue hali yake, amruhusu kunywa maji na kwenda haja.

Lini ukimbie hospitali?

Usingoje asubuhi, usingoje baba arudi kutoka ziwani, ukiona mojawapo ya haya:

Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, au mwili moto ukiugusa kama huna kipima joto.
Kupumua kwa shida, au maumivu ya kifua.
Viganja, midomo au ulimi kuwa vyeupe ghafla.
Tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu. Hapo ndipo bandama ilipo. Mwombe muuguzi akufundishe kuipapasa, uipapase kila siku.
Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, au kushindwa kusema.
Maumivu yasiyopungua baada ya kumpa maji, dawa ya maumivu na kumpasha joto.
Uume wa mtoto wa kiume kusimama kwa muda mrefu na kuuma.

Ukifika mapokezi, usikae kimya kwenye foleni. Sema kwa sauti: "Mtoto wangu ana sikoseli, na ana homa." Beba kadi yake na dawa zote anazotumia.

Maswali ambayo akina mama huuliza

"Nikisikia kuna utafiti wa dawa mpya, nimpeleke mtoto?" Utafiti wa kweli una kibali cha kamati ya maadili, una karatasi ya kukuelezea faida na hatari kwa lugha unayoielewa, haukuuzii dawa, na hukuruhusu kujitoa wakati wowote bila mtoto kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Uliza hayo yote. Ukikosa jibu, ondoka.

"Je, naweza kuifungua damu ya tumboni kwa chakula au mitishamba?" Chakula kizuri kinamjenga mtoto, lakini hakuna mboga tunayoijua ya kufanya kazi ya haidroksiyurea. Baadhi ya mitishamba huumiza ini na figo, na sikoseli yenyewe inaziumiza figo tayari.

"Sina fedha za kwenda kliniki kila mwezi." Najua nauli ya bodaboda kutoka kijijini si kitu kidogo. Zungumza na mhamasishaji wa afya wa kijiji chako, ujiandikishe SHA, na uombe kliniki ikupangie kipimo na dawa siku moja. Kusema mapema ni bora kuliko kukatiza dawa kimyakimya.

Mama, sayansi ya kumshika mkono mfutaji ni sayansi ya kweli, na inafaa tuiombee ifike. Inawezekana mtoto wako wa leo, akiwa mkubwa, atameza kidonge cha aina hiyo. Lakini ili akimeze, ni lazima awe hai, awe na figo nzima na ubongo mzima. Kazi hiyo haiko kwenye maabara ya mbali. Iko kwenye penisilini ya asubuhi na jioni, kwenye neti iliyoingizwa vizuri chini ya godoro, kwenye haidroksiyurea ya kila siku na tarehe ya kliniki isiyopita.

Wiki hii fanya jambo moja. Kama una mtoto anayeugua mara kwa mara, macho yake ni ya manjano, au mikono na miguu yake iliwahi kuvimba, mpeleke apimwe sikoseli. Na kama tayari unajua anayo, nenda na swali lako kuhusu haidroksiyurea.